Bomba Jekundu la Shemeji

Jumapili, Machi 8

Mvua imeanza leo, na shemeji amekuja na bomba. Sijui kipi kitanisumbua zaidi msimu huu.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Anauza magodoro, yaani kazi yake ni kumlaza mtu mzima dukani na kumuuliza kama anasikia raha. Ni mrefu hadi anainama milangoni, ana kipara kinachong'aa, na anacheka kabla hajamaliza sentensi. Mdogo wangu anafundisha chekechea, anaongea kwa sauti ya chini, hajawahi kumkosea mtu. Nilimlea mimi baada ya mama kufariki. Huyu bwana alimwokota wapi, sijaelewa mpaka leo.

Bomba lenyewe ni la kuingizia hewa kwenye injini: jekundu, nene kama paja la mtoto, na mwishoni lina chujio lenye umbo la koni. Lile jeusi la kiwandani limekaa kwenye gari lao miaka yote bila kumdhuru mtu.

"Shemeji, gari itapumua," ananiambia. "Sasa hivi imekabwa."

Nikamuuliza nani kamwambia imekabwa. Akamtazama mkewe, akacheka.

Jumatatu, Machi 9

Amelileta gari gereji ninakofanya kazi, na bosi kalipokea kwa furaha. Bosi tunamwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila mteja. Kwa upuuzi wa leo tu ndiyo hakusema kesho.

Kabla sijashika spana nilichomeka laptopu nikapima. Naandika kama vile kuna mtu atasoma: hewa ikiingia inapita kwenye sensa, uzi mwembamba kama unywele, nayo inaiambia kompyuta ya gari hewa imeingia kiasi gani. Kompyuta inatoa petroli ya kulingana. Huko nyuma kwenye ekzosi kuna sensa nyingine, inanusa moshi na kusema petroli imezidi au imepungua, na kompyuta inasahihisha. Masahihisho hayo ndiyo kazi yangu. Asilimia sifuri ni raha tupu. Mbili, tatu, ni maisha. Yakifika ishirini na tano kompyuta inakata tamaa, inawasha taa ya injini.

Kabla ya bomba: mbili. Baada ya bomba: kumi na mbili.

Hakuna maajabu. Bomba ni pana kuliko la zamani, na sensa ni ileile. Ni kumweka bawabu mmoja kwenye mlango wa watu wanne. Wengine wanapita bila kuhesabiwa. Ukiendesha polepole, ile sensa ya nyuma inaokoa mambo. Lakini ukikanyaga akseleta mpaka chini, mlimani, kompyuta haimsikilizi tena wa nyuma, inamwamini bawabu peke yake. Petroli inapungua, moto unazidi ukali, na ukiendelea hivyo unatoboa pistoni.

Dawa ipo. Naingia kwenye kompyuta, nabadilisha jedwali lake la hesabu ya hewa ili ijue upana mpya wa bomba. Kazi ya mchana mmoja. Sikumwambia. Mtu aliyenunua bomba bila kuniuliza, aje aniombe vizuri kwa mdomo wake.

Jumatano, Machi 11

Mvua. Kesho kasema paa litazibwa kesho.

Jumapili, Machi 15

Wamekuja kula. Gari limesikika kabla halijakunja kona, linavuta hewa kwa mlio wa mtu anayekunywa uji wa moto. Majirani wamechungulia. Shemeji akashuka akiona haya, upande wa abiria. Nikamuuliza mdogo wangu kwa nini ameendesha yeye kwenye utelezi huu. Akasema mumewe mkono unamuuma. Mkono! Kwa kubeba magodoro au kwa kulalia?

Kwenye redio walikuwa wanatangaza mashindano ya magari ya kupanda mlima, yale ya kila mwisho wa mvua. Nikazima. Nikawaambia watu wa mbio ni watu walioshindwa kufanya jambo lolote vizuri, wakaamua walifanye vibaya kwa haraka. Shemeji alicheka kupita kiasi. Mdogo wangu akainuka kuondoa sahani.

Masahihisho: kumi na tatu.

Jumapili, Machi 22

Kumi na tano.

Nilipoingia kwenye gari kupima, magoti yangu yaligonga usukani. Kiti kimevutwa mbele kabisa, utadhani dereva anataka kuubusu. Mtu mwenye miguu ya twiga anakaaje namna hiyo? Ni hao wanaotazama video za madereva wa mbio na kuiga mkao. Nimekirudisha nyuma huku nasonya.

Akaniuliza kama hakuna namna ya kuiweka sawa. Nikamwambia namna ipo: ling'oe ulitupe.

Jumanne, Machi 24

Mvua usiku kucha. Ndoo tatu chini ya paa la gereji. Kesho kaongeza ya nne, kaita ukarabati.

Jumapili, Machi 29

Kumi na sita. Kiti mbele tena.

Jumamosi, Aprili 4

Leo nilipanda naye gari kwenda sokoni, nione anavyoliendesha. Mungu wangu. Anaendesha kama amebeba mayai kichwani. Kila dimbwi anasimama, analisalimu, anapita. Anabadilisha gia kwa kuomba radhi. Watoto wenye baiskeli walitupita, mmoja akatupungia mkono.

Nikajiambia basi, kwa mwendo huu injini itaishi kuliko sisi sote, bomba lile ni pambo tu. Nikamdharau zaidi. Angalau mwendawazimu wa kweli ana ujasiri.

Jumapili, Aprili 12

Kumi na tisa!

Hili si la bomba peke yake. Bomba halikui. Niliitoa sensa nikaikuta imepakwa utando wa mafuta, ndiyo maana haioni vizuri. Chujio lake ni la kupakwa mafuta mepesi mara chache mno, matone machache tu. Hili lilikuwa linavuja. Tena si mafuta yake. Nilinusa mara mbili kuhakikisha: mafuta ya nywele. Yale ya kunukia maua.

Mwenye kipara, jamani, kapaka chujio mafuta ya nywele!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mezani nikalisema mbele ya wote. "Shemeji, kichwa kimekukataa, umehamia kwenye chujio?"

Akajipapasa kipara. Halafu akacheka na yeye. "Lilikuwa limekauka, shemeji. Nililionea huruma."

Mdogo wangu alikuwa anatazama sahani yake. Nilimwonea huruma, kuolewa na kituko kama kile.

Nimesafisha sensa kwa dawa yake. Yameshuka mpaka kumi na mbili. Nimemkataza asiguse chujio. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, mkewe akiwa jikoni: "Kwenye kompyuta huwezi kufanya kitu? Nimesikia kuna watu wanarekebisha." Nikamwambia hao aliowasikia ni waongo.

Jumatatu, Aprili 13

Kesho alinisikia nikisimulia gereji, akasema, "Si umrekebishie tu jedwali? Unamsubiri nini?" Nikamwambia ashughulike na paa lake.

Jumapili, Aprili 19

Kumi na tano. Amegusa. Harufu ya maua hadi kwenye boneti.

Nimechomeka kidude cha kurekodi chini ya usukani. Nataka kujua linakwendaje wiki nzima. Sikumwambia mtu.

Jumatano, Aprili 22

Barabara ya mlimani imemomonyoka upande mmoja. Wameweka mapipa.

Jumapili, Aprili 26

Nimesoma rekodi, nimebaki mdomo wazi.

Siku za kazi, mayai kichwani. Lakini Jumamosi alfajiri, akseleta chini kabisa. Gia ya pili, mizunguko ya injini imepanda hadi kwenye mstari mwekundu, anapunguza kidogo tu kwenye kona halafu chini tena. Linapanda, linashuka, linapanda tena. Hiyo ni barabara ya mlimani, hakuna mteremko mwingine mrefu hivyo hapa. Na huko juu, akseleta ikiwa chini, petroli ni pungufu vilevile nilivyosema. Injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche kujiokoa, kila kona.

Kumbe mnafiki! Mbele yangu anajifanya bibi harusi, nyuma yangu anakimbizana na kifo. Na anamwacha mke wake kitandani anadhani mumewe amewahi dukani.

Kusema kweli ya moyoni, nilifurahi. Nilimwona anakuja kwangu kwa miguu, pistoni mkononi. Nilishaandaa maneno ya kumwambia.

Masahihisho: kumi na nane.

Jumapili, Mei 3

Ishirini na mbili. Hawakukaa kula, eti mdogo wangu ana kazi ya shule. Amekonda usoni. Nikamvuta pembeni nikamuuliza kama mumewe anamtesa. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Dada, yeye ndiye mtu mwema kuliko wote ninaowajua."

Nimekula peke yangu, chakula cha watu watatu. Maskini, amefungwa macho.

Jumamosi, Mei 9

Asubuhi sana simu imelia. Shemeji. Kwanza mvua, halafu sauti yake bila kicheko.

"Shemeji, gari imezima mlimani. Njoo. Njoo na kamba."

Nikamuuliza kwa utamu wote niliokuwa nao, "Huko mlimani unapeleka magodoro?"

"Njoo, tafadhali. Breki hazishiki vizuri, barabara ni tope. Mdogo wako yuko ndani."

Nilimwamsha Kesho, nikamwambia asithubutu kutamka neno lake, na akalitoa lile gari la kuvuta bila hata kuvaa soksi. Njiani nilikuwa natukana. Nilimtukana shemeji, ukoo wake, duka lake, godoro alilozaliwa juu yake. Kumpandisha mtoto wangu mlimani kwenye mvua ili amwonyeshe ubingwa! Ndivyo nilivyosema, mtoto wangu. Kesho alinitazama, hakunisahihisha.

Tulilikuta gari kwenye kona ya mapipa. Tairi la nyuma lilikuwa limeshatoka kwenye lami, limesimama kwenye udongo uliokuwa unamegeka. Nyuma yake alikuwa shemeji, magotini kwenye matope, bega lake kwenye bampa na jiwe kubwa amelikumbatia chini ya tairi. Kipara kilikuwa kinatiririka maji. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya mbio, ya kike, imemning'inia shingoni kwa kamba, maana hakuwa na pengine pa kuiweka.

Na kwenye usukani, kiti kimevutwa mbele kabisa, mguu ukikandamiza breki, alikuwa mdogo wangu.

Nilisimama. Maji yananiingia shingoni na mimi nimesimama tu. Miguu mifupi. Nywele ndefu zimesukwa, zinanukia maua.

Kesho alifunga kamba, akavuta. Gari likarudi barabarani. Shemeji akabaki amelala kifudifudi kwenye tope kwa muda, kisha akainuka, akaenda kumfungulia mkewe mlango.

Tulikaa wote watatu ndani ya gari lao likivutwa, Kesho mbele, sisi nyuma ya kamba. Shemeji alishika usukani, magoti yake yamekunjwa mpaka kifuani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kurudisha kiti. Nilikuwa kiti cha nyuma. Tukamaliza mteremko.

"Ni tarehe ishirini na nne," mdogo wangu akasema, akitazama kioo cha mbele. "Mashindano. Nimejiandikisha. Nimefanya mazoezi tangu mwaka jana."

"Na bomba?"

"Langu."

"Na mafuta ya nywele?"

"Yale mekundu ya chujio yaliisha. Nilidhani mafuta ni mafuta." Akafuta pua kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. "Kila Jumamosi nikirudi nalipaka tena, lisikauke."

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Aligeuka akanitazama, na nikajibiwa kabla hajafungua mdomo. Nilijisikia nikizima redio.

"Ulisema wameshindwa kufanya jambo lolote vizuri," akasema. "Dada, mimi kila kitu ninachofanya vizuri nimekifanya ili wewe uone. Nilitaka hiki kimoja nikifanye kwanza. Halafu ndipo uone."

Nikamgeukia shemeji. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia. "Na wewe? Miezi yote hii unakubali tu? Unabeba lawama, unacheka?"

Hakucheka. "Mimi ulishanidharau zamani, shemeji. Ukiongeza kidogo, haina tofauti. Lakini yeye ungemdharau ingemuua." Akabadilisha gia isiyobadilishika, gari likiwa linavutwa, kwa mazoea tu. "Na sikukaa kimya. Nilikuomba mara mbili uirekebishe. Ulisema ling'oe. Halafu ukasema ni waongo."

Nimerudi nyuma kwenye kurasa hizi. Yapo. Machi 22. Aprili 12. Kwa mwandiko wangu.

Jumapili, Mei 10

Sijala. Mvua imetulia, sasa ndiyo inajua kutulia.

Nimefungua plagi zote. Tatu zimepauka kama majivu. Ya silinda ya tatu ncha yake imeyeyuka, na kaure imepasuka. Nilipeleka kamera ndogo ndani kuchungulia. Juu ya pistoni kuna kovu, kama alama ya kuungua kwa mafuta ya moto. Hakuna tundu. Mgandamizo wa silinda ile ni pungufu kidogo kuliko wenzake, ila unatosha.

Jumamosi moja zaidi, na ingetoboka kwenye ile kona ya mapipa. Na huenda safari hiyo shemeji na jiwe lake wasingekuwepo.

Mimi najua kusoma namba kuliko mtu yeyote mjini humu. Hilo nililiandika moyoni kila Jumapili: kumi na tano, kumi na nane, ishirini na mbili. Mtu mwingine angeziona zile namba akaogopa. Mimi nilizihesabu kama mtoto anayesubiri sikukuu. Nilimpa bawabu mlango wa watu wanne nikakaa pembeni nimtazame akizidiwa. Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi walistahili, na Kesho anastahili mpaka sasa. Lakini leo nilijitazama kwenye kioo cha gereji kile kilichopasuka nikaona sura ninayoijua. Ni ile ninayowafanyia wengine.

Jumatatu, Mei 11

Nimemwambia mdogo wangu asilete chujio lile karibu yangu. Nimefunga la karatasi, kavu. Plagi mpya. Sensa mpya. Jedwali limeandikwa upya lote.

Ilikuwa, kama nilivyosema Machi, kazi ya mchana mmoja.

Masahihisho: moja.

Jumamosi, Mei 16

Alfajiri, mlimani. Barabara wameiziba kwa kokoto. Nilikaa upande wa abiria na laptopu mapajani, na mdogo wangu akaendesha. Shemeji alibaki chini, anasema tumbo haliwezi.

Mwanzoni niliangalia namba tu. Petroli ipo, inatosha, inaongezeka anavyokanyaga. Haigongi. Haigongi. Kisha kwenye kona ya mapipa niliinua macho kumwambia apunguze, nikamwona usoni.

Miaka yote hiyo nimemwona akiwa mpole. Nilidhani ndivyo alivyo. Kumbe alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili yangu.

Sikumwambia apunguze.

Jumatano, Mei 20

Kesho kaziba paa. Mvua imekwisha.

Jumapili, Mei 24

Watu wengi, tope limekauka, vumbi. Wanaume wenye magari ya rangi za peremende walimwangalia mwalimu wa chekechea akivaa kofia ngumu wakatabasamu. Nilijua lile tabasamu. Nililivaa miezi miwili.

Alipanda. Nilisikia lile bomba kona baada ya kona, mlio wake ukipotea na kurudi, mpaka ukafika juu. Shemeji alikuwa amefumba macho na kunishika mkono bila kujua ni wa nani. Nilimwachia.

Hakushinda. Alipata nafasi ambayo haitangazwi redioni. Lakini aliposhuka alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, na mikono inaonyesha kila kona, na hakuacha kuongea mpaka kwenye maegesho. Mmoja wa wale wenye tabasamu alikuja kuuliza nani karekebisha gari lake. Mdogo wangu akasema, "Dada yangu." Nikasema swali la kipumbavu, ajiulize kwanza nani kaliendesha.

Walichoka wote wawili, wakalala kiti cha nyuma, kipara begani kwa mkewe. Ikabidi niendeshe mimi. Niliingia, magoti yakagonga usukani. Mkono ulishafika kwenye kishikio cha kiti.

Nikauondoa. Nimeendesha hivyohivyo mpaka nyumbani.